Nyota ya Ukutani Imekataliwa na Mtandao

Leo nimeadhirika mchana kweupe, jamani, na hasira hazijaniisha.

Mnajua nilivyozurura. Tanga, Mwanza, hadi Nampula kule Msumbiji. Sasa nimerudi Mtwara, na ninachotaka ni kimoja: chumba cha uani kwa shangazi yangu Bi Somoe, nilichokuwa nikilala utotoni. Shangazi ana gesti hapa Chikongola, inaitwa Raha Tele. Akanipa sharti: "Iweke gesti kwenye mtandao, wale wageni wanaokuja kwa kazi za gesi ya Mnazi Bay watuone. Ukiweza, chumba chako."

Nikaanza na ukuta. (Kwetu biashara huanza na ukuta. Ukishapaka jina ni lako, nani atakubishia?) Fundi Chande akaja kutoka Mahurunga, akaandika anwani ya tovuti kwa rangi ya bluu: nyota kati ya Raha na Tele, kistari mwanzoni, kistari mwishoni, kama anavyopamba maduka yote. Ilipendeza! Shangazi akaita majirani, pilau likaliwa.

Leo asubuhi ndipo tukaenda intaneti kafe kuisajili. Shangazi na majirani wawili nyuma yangu, wamevaa kama wanakwenda harusini.

Dada wa kafe akajaribu, akatikisa kichwa. "Kaka, nyota hairuhusiwi."

"Basi acha nafasi."

"Nafasi nayo hairuhusiwi. Herufi, tarakimu na kistari tu."

"Si ndiyo hivyo! Vistari tunavyo viwili."

"Kistari kikae katikati. Mwanzoni hakikubaliki, mwishoni hakikubaliki."

Hivi kistari kimemkosea nani? Ni akina nani hao waliokaa huko wakapanga, bila hata kumuuliza fundi Chande? Nikapandisha sauti, nikadai kuongea na mkubwa wa intaneti. (Ndiyo, nilisema hivyo. Kafe nzima ikageuka.)

Shangazi akauliza taratibu, "Mwanangu, mbona ukutani imekubali?"

Watu wakaangua kicheko. Sikujua niuweke wapi uso.

Tukasajili rahatele, tupu kabisa, kama kuku aliyenyonyolewa. Tuliporudi, shangazi akautazama ukuta, akakata shauri: fundi Chande aje kuuandika upya. Na kwa kuwa anatoka mbali, alale wapi? Chumba cha uani!

Mimi nimepangiwa mkeka sebuleni.

Nawaandikia kutoka kafe ile ile, na yule dada bado anatabasamu. Atakayenicheka na acheke kwa herufi na tarakimu tu, bila nafasi, na kistari asithubutu kukiweka mwishoni.