Tundu la Deki

Jumatatu, 3 Machi

Rimoti imefika! Moja tu, inatawala TV, king'amuzi na redio. Ukibonyeza kitufe chenye picha ya jicho, vyote vinaamka na TV inajihamisha yenyewe kwenye tundu la nyuma lenye waya wa kifaa unachotaka. Dada, ambaye ninaishi kwake, aliuliza zile rimoti tatu za zamani zilikuwa na kosa gani. Nitaanzia wapi?

Maana yupo fundi cherehani, jirani yetu. TV yake imeharibika, basi kila jioni anakuja kutazama tamthilia kwetu, vipande vya uzi bado vimemganda kwenye sketi. Leo nilibonyeza mara moja tu. Picha ikaja taratibu, kama ukungu unaoondoka dirishani. Akasema kumbe mimi mtundu. Mtundu! Nimelala na neno hilo kifuani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeota mchana kweupe, nikiwa kazini duka la rangi. Mimi na yeye tumo kwenye kochi linaloelea juu ya mapaa. Nabonyeza, mlima unatokea. Nabonyeza, ziwa. Mteja aliomba nyeupe, nikamchanganyia waridi. Bosi alifoka sana. Nilimsikia kwa mbali.

Jioni fundi alikaa katikati, dada huku, shemeji kule, watoto miguuni. Mimi stuli ya mlangoni. Lakini alicheka mara mbili akinigeukia.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Fundi kaniomba niende na rimoti yangu nikaitazame TV yake. Ni pacha wa yetu, king'amuzi vilevile. Niliiwasha, ikaandika hakuna mawimbi, na papo hapo nikajua haina ugonjwa wowote. Imekaa kwenye tundu la deki, ile mashine ya kanda za video, na deki alishampa mdogo wake siku nyingi. Kitufe kimoja tu, imepona. Na ikipona, kwetu haji tena!

Nikakunja uso kama daktari. Nikamwambia hali si nzuri, ni mambo ya ndani kabisa. Nikabonyeza vitufe vya sauti, nikaguna. Kisha nikajitupa kwenye kochi kwa uchovu wa kujifanya, juu ya rimoti. Jicho likabonyezwa na makalio yangu. TV ikajihamisha yenyewe, tamthilia ikatokea na rangi zake zote.

Alinishika mkono kwa furaha. Sijui nilifikaje nyumbani. Shemeji anasema nilipita mlango wetu, nikabisha hodi mlango unaofuata.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuja. Sebule imekuwa kubwa ghafla. Nimeshinda naihamisha TV, king'amuzi, redio, king'amuzi, nikimfikiria. Nina upweke wa kweli. Shemeji alisema hajawahi kuona fundi anayefukuza mteja kwa kumponyea kitu. Nikamnunia, nikala wali wa watu wawili kwa hasira.

Jumapili, 9 Machi

Ameniita kwake! Kochi lake ni la watu wawili tu. Upande mmoja ameweka mto mpya, kaushona mwenyewe jana, akasema huo ni wangu. Pazia lilikuwa likipanda na kushuka polepole. Mwanga wa TV ulimtua shavuni, bluu, kisha dhahabu. Alisema kutazama peke yake hakunogi. Akasema hata alipokuwa anakuja kwetu, tamthilia yenyewe hakuwa akiifuata sana. Akaongeza kitu kingine, taratibu, akiangalia vidole vyake. Sikukisikia vizuri, nilikuwa nawaza mpango.

Alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikatoa rimoti mfukoni. Nikaihamisha TV, nikairudisha tundu la deki. Hakuna mawimbi. Safi kabisa!

Alirudi na vikombe viwili. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikamwambia ugonjwa umerudi, na safari hii hauna dawa. Alisimama na vikombe vyake, mvuke ukimpanda usoni. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba basi kesho itabidi arudi kwa dada yangu, tukae wote pamoja na watoto.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Stuli nimeshaifuta vumbi.