Programu Yangu Haina Kosa

Jumatatu, 4 Machi
Nimekwisha! Mkuu wa ofisi ametangaza mtihani wa programu Ijumaa, kwa watu wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Mshindi atakaa kwenye kompyuta mpya. Mwingine anahamia stoo ya nyuma, kupanga maboksi. Programu isome mfuatano wa sifuri na moja, itaje ni namba gani ya kawaida. Nimemwambia mke wangu kwangu hiyo ni kama kumsukuma mlevi.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Tarakimu ya kwanza ina thamani ya moja, inayofuata mbili, kisha nne, kisha nane. Penye moja najumlisha, penye sifuri naruka. Mistari tisa tu! Nikajaribu 101: tano. 111: saba. 1001: tisa. Sawasawa na kitabu. Shemeji akachungulia, akasema nimeanzia kushoto, na hesabu hii huanzia kulia. Nikamshukuru kwa adabu zote. Kijicho tu! Anataka niharibu kitu kizima.

Jumatano, 6 Machi
Na kama anasema kweli? Mke wangu ni fundi cherehani, nikamtega. Akapanga vifungo mezani, vyeusi viwe moja, vyeupe sifuri. Cheusi, cheusi, cheupe. Akaanzia kulia, akasema ni sita, huku anakata uzi kwa meno. Programu yangu ikasema tatu. Jasho! Nikamweleza kwamba kompyuta haina vifungo vya shati. Akaniuliza kama kazini kuna usalama. Nikacheka kupita kiasi.

Alhamisi, 7 Machi
Kwa nini nihangaike na programu wakati mtihani wenyewe unabadilika? Nimejitolea kuandaa maswali, mkuu apumzike. Akakubali, maskini! Nimechagua namba kumi, zote zinasomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia. 11, 101, 1001, 11011 na ndugu zao. Kichwa kinafanya kazi!

Ijumaa, 8 Machi
Kumi kwa kumi! Shemeji naye kumi kwa kumi. Hilo sikuliwaza. Mkuu akakuna kichwa, akasema basi atatupa swali moja la kututenganisha, akaliandika papo hapo: 1000. Ya shemeji ikasema nane. Yangu ikasema moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji hata hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akamwomba mkuu anirudishie mtihani Jumatatu, eti dada yake ameshawatangazia wateja wake wote kwamba mumewe ni mtu wa kompyuta. Mkuu amekubali.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji amekuja nyumbani asubuhi. Amekaa nami saa mbili, na vifungo, bila kunikaripia hata mara moja. Amebadilisha mstari mmoja tu. 1000 ikatoa nane! Mke wangu akanishika mkono, akasema alikuwa na hofu wiki nzima. Nusura nilie.

Halafu mke wangu akatoka kumsindikiza kaka yake, nikabaki peke yangu na wasiwasi. Mtu anayeitaka kompyuta ileile anisaidie bure? Huo ni mtego! Nimeufuta mstari wake, nimerudisha wangu. Nikajaribu 101. Tano! Jumatatu watanikoma.