Nanga Mbili za Kumrudisha Mwamvita

Jumatatu, 4 Julai 1955. Nyangwe

Leo nimepata wazo. Zuri kuliko yote niliyoyapata mwaka huu, na mwaka huu nimepata mengi.

Mashua yangu ina nanga moja, mbele. Nikiitupa, mkondo wa Lualaba unaizungusha mashua kama mbuzi kwenye kamba yake. Wavu unajisokota, samaki wanapita pembeni, narudi nyumbani na kambale wawili. Sasa: nanga mbili! Moja mbele, moja nyuma. Mashua itatulia tuli katikati ya mto. Kamba zote mbili zitafungwa kwenye mti mmoja mnene wa kuzungusha, wenye mkono wa chuma. Mtu mmoja anazungusha, nanga mbili zinapanda pamoja. Hakuna mvuvi wa Nyangwe aliyewahi kufikiri hivyo.

Samaki watajaa. Nitawakausha kwa moshi, nitajaza kitunga, kitunga kitafika Kabambare, na bibi yangu Mwamvita, mke wangu wa miaka kumi na moja, atarudi kabla ya Idi ya kuchinja.

Aliondoka Aprili. Bila kelele. Nilikuwa nimevunja kitanda chetu nipate mbao za viti vya mashua. Akatoka shamba, akatazama chumba, akaenda mtoni akatazama viti, akarudi akakunja vikwembe vyake vitano vya kujifunga, akapanda kamyo kwenda kwa kaka yake Kabambare. Sikuelewa haraka. Viti vilikuwa vizuri sana.

Nimemweleza wazo langu binamu yangu Atumani, anayeadhini msikitini na kuvua pamoja nami. Akauliza kwa nini nisiende Kabambare mwenyewe nikamwombe radhi. Nikamjibu kwamba mwanamume haendi ukweni mikono mitupu. Akasema mikono mitupu ni afadhali kuliko mikono yenye nanga. Atumani haoni mbali.

Jumanne, 5 Julai

Mkono wa chuma nimeupata. Ni ule wa kuwashia kamyo iliyokufa nyuma ya ghala la pamba, nilikokuwa karani wa mizani zamani. Mlinzi alisita. Nikamwahidi samaki wa kwanza. Akasita zaidi, lakini akautoa. Fundi wa vyuma ananipindia nanga ya pili kutoka chuma cha mkokoteni mbovu.

Saa nane akaja Jean-Baptiste, dereva wa kamyo, anayekwenda Kabambare kila Alhamisi na kurudi Jumanne. Nilikuwa barabarani tangu saa nne, kwa bahati tu. Anasema Mwamvita mzima. Amenenepa kidogo. Alimkuta anacheka na wanawake kisimani. Anacheka nini? Jean-Baptiste hakuuliza. Mtu anaendesha gari siku nzima kwenda Kabambare na hakuuliza!

Lakini Mwamvita ametuma swali. Je, nimeshapata kitanda? Nimemwomba Jean-Baptiste amjibu kwamba mti wa kuzungushia umepatikana, ni mvule, hauliwi na mdudu.

Jambo baya: shemeji yangu ananunua samaki wa André. André ni mvuvi wa misioni, jirani yangu mtoni. Ana mtumbwi wa gogo na jiwe moja lililofungwa kamba. Hiyo ndiyo nanga yake. Kila asubuhi mtumbwi umejaa. Mkewe Sidonie anawakausha samaki, kamyo inawapeleka. Kwa hiyo leo, pengine saa hii, Mwamvita wangu anachambua miiba ya samaki wa André.

Sikula chakula cha jioni.

Alhamisi, 7 Julai

Mti wa kuzungushia umesimama katikati ya mashua. Tumeujaribu ukingoni. Nilifunga kamba zote mbili kwenye magunia ya mchanga, nikazungusha, magunia yakaja miguuni pangu kama kondoo. Watu walitazama. Nilizungusha mara tatu zaidi kwa ajili yao.

Nimempa Jean-Baptiste barua ya Mwamvita. Kurasa tatu. Nilieleza nanga ya mbele, nanga ya nyuma, unene wa kamba, na jinsi mkono unavyogeuka bila jasho. Kamyo ilipokwisha kuondoka nikakumbuka kwamba jina lake nililiandika mara moja tu, juu ya bahasha.

Nilitaka kumwandikia kwamba nyumba imekuwa kubwa. Kwamba nalala upande wangu wa mkeka, na upande wake siugusi. Lakini mambo hayo mtu anayaandikaje? Nanga ni rahisi.

Jumamosi, 9 Julai

Tumeingia mtoni. Niandike kwa utaratibu.

Nilitupa nanga ya mbele. Atumani akaachia ya nyuma. Mashua ikasimama. Wallahi ilisimama! Maji yanapita kwa kasi pande zote mbili, sisi tumekaa kama tuko barazani. Tukashusha wavu, ukanyooka vizuri. Samaki saba, mmoja mrefu kama mkono wangu. Nilimwona Mwamvita akimfungua kutoka kwenye majani, kule Kabambare.

Kisha nikaanza kuzungusha.

Kamba ya mbele ikaivuta mashua mbele. Kamba ya nyuma ikaivuta nyuma. Hatukwenda popote. Nikazungusha zaidi. Mbao zikalia. Atumani akasema kwa sauti ya upole kwamba ndugu yangu, hizi nanga zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na sisi ndio kamba. Nikamwambia aongeze nguvu. Mkono wa chuma ukaniponyoka, ukarudi kwa kasi, ukanipiga kidevuni. Nilipoamka nilikuwa nimelala juu ya samaki, kamba ya nyuma imefunguka, mashua imegeuka, wavu uko chini ya mashua, na samaki wangu mrefu hayupo.

André akaja na mtumbwi wake. Akafungua wavu. Akaitoa nanga ya nyuma kwa mikono yake. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akasema tu kwamba kama angekuwa yeye, angevuta moja kwanza, kisha nyingine. Akanipa samaki wawili wa kwake.

Nimewala. Walikuwa watamu. Hilo nalo nalijutia.

Jumatatu, 11 Julai

Nimepata wazo jipya: kuvuta moja kwanza, kisha nyingine. Nimekata mti vipande viwili, kila kamba na kipande chake. Kijiti cha chuma kinaufunga mkono na kipande ninachokitaka. Nimemweleza kila mtu sokoni. Atumani akauliza kama hilo silo alilosema André. Nimemweleza kwamba André alisema maneno tu. Kijiti ni changu.

Jioni jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mwamvita hatwangi hivyo. Yeye hupiga mara mbili, akanyamaza, akapiga mara mbili tena, kwa sababu katikati huwa anakuambia jambo. Miaka kumi na moja nimekaa barazani nikisikia mchi na maneno yake, mchi na maneno yake, wala sikujua kwamba ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosa. Huyu jirani anatwanga moja kwa moja mpaka mwisho. Hana la kumwambia mtu.

Nikaingia ndani nikapaka kijiti mafuta ya mawese.

Jumanne, 12 Julai

Amejibu! Jean-Baptiste alizima kamyo kabisa ili aniambie vizuri. Mwamvita anakuja Kasongo kwa shangazi yake, Mama Binti, kwenye arusi. Atakuwa huko Ijumaa. Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, kuna kamyo inayorudi Kabambare. Na haya ndiyo maneno yake, nimemfanya Jean-Baptiste ayaseme mara mbili:

"Umwambie Asani akuje yeye mwenyewe. Asilete kitu. Akikuja mbele ya kamyo haijaondoka, nitarudi naye. Asipokuja, miye nitajua."

Akuje yeye mwenyewe! Nilimkumbatia Jean-Baptiste. Ananuka mafuta ya gari na samaki wa André, lakini nilimkumbatia.

Ameniwekea nafasi kwenye kamyo ya Alhamisi. Jioni ya siku hiyohiyo niko Kasongo. Nimemshukuru na kukataa. Nimchukue bibi yangu juu ya magunia ya mpunga ya watu wengine? Nitakwenda na mashua. Atateremka bandarini, ataona nanga mbili, ataketi kwenye kiti kizuri, na tutarudi na mkondo, yeye akinitazama nikizungusha.

"Weye Asani," akasema Atumani, "bibi anakuita weye. Haiti mashua." Lakini atakuja nami. Anasema ni lazima awepo mtu mwenye akili. Sijui anamsema nani.

Jumatano, 13 Julai. Mtoni

Tumeondoka alfajiri. Kupanda mto ni kazi. Tunasukuma kwa miti, tukishika kando ya ukingo. Nanga na mti wa mvule ni vizito kuliko nilivyofikiri. Atumani amependekeza tuviache kijiji cha kwanza tuvichukue wakati wa kurudi. Kuna maneno hayastahili jibu.

Nimejifunza hotuba yangu ya kumwambia Mwamvita. Inaanza vizuri, lakini kila mara inaishia kwenye kamba.

Ijumaa, 15 Julai. Mtoni

Saa nane tulikuwa karibu sana. Bandari ya Kasongo tuliikadiria mwendo wa saa tatu, kisha kutembea kwa miguu mpaka mjini. Tungefika kwa Mama Binti mapema kabla watu hawajalala.

Lakini hapo mto unafanya kona, maji yanatulia, na samaki walikuwa wanarukaruka. Wakubwa. Nikafikiri: alisema nisilete kitu, lakini wanawake husema hivyo. Saa moja tu. Samaki mmoja tu, wa kumkabidhi mkononi. Atumani alipinga. Nikatupa nanga zote mbili.

Tulipata samaki kumi na moja. Nimekuwa mvuvi kweli! Nikafunga kijiti, nikaanza kuvuta ya mbele. Haitoki. Kuna mawe chini. Nikajaribu ya nyuma. Haitoki. Nikazungusha kwa mwili wote, kijiti kikapinda ndani ya tundu lake. Sasa mkono unazunguka bure, mti umekwama, kamba zimekaza kama mifupa, na sisi tumetulia tuli katikati ya mto. Sijawahi kuona mashua iliyotulia vile.

Atumani akatoa kisu ili akate kamba. Nikamshika mkono. Wiki mbili za kazi! Nikamwambia bado kidogo.

Jua lilikuwa limeshuka waliposogea André na Sidonie, wanapeleka samaki soko la Kasongo. André akashika ubavu wa mashua yangu. Atumani akamweleza yote kabla sijamzuia. André akasema:

"Kaka, acha mashua. Ingia hapa, nafasi iko. Mashua haitakimbia; umeifunga vizuri."

Niliangalia mtumbwi wake. Umejaa samaki waliokaushwa vizuri. Nikamwona Mwamvita amesimama, na mimi nateremka kutoka mtumbwi wa André, juu ya samaki wa André. Nikasema atangulie, nitamfuata muda si mrefu.

Sidonie alinitazama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mwanamke akingoja, hahesabu samaki.

Atumani aliingia mtumbwini bila kuniaga. Nikawaona wakipinda kona. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya ule mkono wa chuma.

Jumapili, 17 Julai. Kasongo

Jana alfajiri nilikata kamba ya nyuma. Nililia, sijui kwa ajili ya nanga au kwa ajili ya nini. Ya mbele ikatoka yenyewe kwa kuvutwa kidogo, kama haikuwahi kukwama. Nikasukuma peke yangu. Nilifika mjini adhuhuri, nimebeba samaki kumi na moja walioanza kunuka. Kamyo ilikuwa imeondoka.

Atumani alikuwa ameketi nje kwa Mama Binti. Hakunisema. Alinisimulia tu.

Yeye na André walifika watu wakiwa bado wanakula arusi. Mwamvita alitoka mbio mpaka barabarani. Alikuwa amevaa kikwembe cha njano, kile nilichomnunulia mimi. Aliangalia nyuma ya Atumani, kisha nyuma ya André, kisha akauliza niko wapi. Atumani akamwambia: mtoni, amefungwa na nanga zake mbili. Mwamvita akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Atumani anasema hakuona ni wakati gani kicheko kiligeuka kitu kingine.

Asubuhi Mwamvita alikaa kwenye kamyo, upande wa kuiona barabara. Dereva alipiga honi. Alimwomba angoje kidogo. Akapiga tena. Akamwomba tena. Mara ya tatu hakuomba. Aliinama akamwambia Atumani:

"Umwambie njia ya Kabambare haina mto."

Nimekaa siku nzima na maneno hayo. Nimeyaandika hapa ili niyatazame. Nimelala chini kwenye chumba alicholala yeye. Mama Binti ameniruhusu. Mto wa kichwa una harufu ya mafuta yake ya nywele. Atumani anasema maneno yale yako wazi hata kwa mbuzi: nitoke hapa kwa miguu, au kwa baiskeli, au kwa kamyo ya Jean-Baptiste Alhamisi, mimi mwenyewe, mikono mitupu, na nibishe hodi.

Nilikubali. Kabisa. Nilikuwa tayari nimeomba baiskeli ya mume wa Mama Binti.

Lakini jioni nilizungumza na mzee mmoja sokoni, mchuuzi wa chumvi, aliyetembea kila mahali. Nikamwuliza kwa udadisi tu. Ananiambia Mwamvita amekosea. Mto upo! Unaitwa Luama. Unamwaga maji Lualaba, juu kidogo ya hapa, na ukiufuata unakufikisha upande wa Kabambare, ukibakiwa na mwendo wa siku moja tu kwa miguu. Wiki mbili za kusukuma, labda tatu. Kuna maporomoko, anasema, na mkondo wake mkali sana. Mashua haiwezi kusimama.

Kwa nanga mbili, kweli haiwezi. Nimechora kwenye ukurasa wa nyuma. Ya tatu itakaa ubavuni.