Kigoda cha Babu Kilichochongwa Jumanne

Giteranyi, Jumanne, 5 Agosti

Valentin tena! Mkuki wa babu yake umewekwa katika nyumba ya kale kule Gitega, na jina la ukoo wao chini yake, basi jirani huyu hatuachi tulale. Leo kaniambia mbele ya watu: "Weye Simoni, kwenu iko wapi? Mulitoka Tanzania na masufuria tu." Watu wakacheka. Mama alisikia, akainamisha kichwa. Iliniuma sana.

Jumamosi ni sikukuu ya mila katika nyumba hiyo ya kale. Wanapokea vitu vya mababu. Jina letu litaingia mle! Nimechonga kigoda. Kimekaa upande, lakini nani atakikalia?

Jumatano, 6 Agosti

Kigoda cheupe kama muhogo uliomenywa. Kinataka moshi. Nyuma ya mlango wa jikoni nikaona kikapu chakavu, kimetoboka. Nikakichoma. Moshi gani huo! Kufikia jioni kigoda kilikuwa na umri wa babu. Kifuniko cha kikapu nimekibakiza, kitafunika mihogo ya safari. Kwangu hakipotei kitu.

Gitega, Jumamosi, 9 Agosti

Nyumba kubwa ya nyasi, mlango mfupi. Niligonga kichwa. Mama aliinama tu, akapita. Nje ngoma zilipigwa hadi tumbo likatetemeka.

Mama Donatienne, mtunza nyumba, akaniuliza babu alifariki lini. Nikasema zamani sana. Kumbe jua limekipasha kigoda na utomvu umeanza kutoka. Ukamnata kidoleni! Valentin, aliyekuja kuona mkuki wao, akacheka mpaka akakohoa.

Ndipo Mama Donatienne akaona kifuniko juu ya mihogo. Akakishika kwa mikono miwili. Akasema msuko huo haupo tena, na kwamba kikapu chake angekiweka katikati ya nyumba, na jina letu. Mama akafurahi kama msichana. Akasema kipo nyumbani, nyuma ya mlango wa jikoni. Mama yake alikisuka, akakimbia nacho kichwani hadi Tanzania, ndani mbegu za maharagwe. Akaniomba nikakilete.

Nilijaza mihogo mdomoni ili nisiweze kujibu.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimwambia Mama ukweli kwenye basi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Tulipofika akapekua majivu kwa kijiti, kisha akakaa mlangoni na kifuniko mapajani. Akauliza kwa nini sikumuuliza kwanza. Hakuna aliyekula.

Jumanne, 12 Agosti

Mama bado anashinda mlangoni na kifuniko. Valentin amepita bila kucheka, na hilo ndilo baya zaidi. Nyumba nzima ina huzuni.

Lakini nimepata njia! Nimenunua kikapu kipya sokoni, kinaingia karibu sawasawa chini ya kifuniko. Kinataka moshi tu. Mama akiwa kanisani nimetafuta kila mahali, na chini ya kitanda chake nimekuta mkeka mkuukuu, umechanika, umekunjwa na kufungwa kamba vizuri, sijui kwa nini.

Unatoa moshi mzuri sana.