Mnara Saa Tano, Gofu Saa Tano na Kumi

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu alfajiri. Leo siku ya ishirini na mbili bila Senga. Yuko Anstruther kwa dada yake, na mto wake wa kulalia ameondoka nao. Hilo si jambo jema. Mke anayeondoka na mswaki atarudi. Anayeondoka na mto ameshafikiri.

Kosa langu? Dogo tu! Sherehe ya kumuaga pale maktaba, baada ya miaka thelathini ya kazi. Nilifika viti vikikunjwa, nina matope hadi magotini. Nikamweleza kwamba kulikuwa na foleni uwanjani, shimo la kumi na nne la gofu. Ukweli mtupu. Akanitazama kama kitabu kilichorudishwa kikiwa kimelowa.

Nyumba hii ya Kirkcaldy imekuwa kimya mno. Asubuhi nimeongea na birika. Naona aibu kuandika, lakini nimeongea nalo kwa muda.

Ila nina mpango! Nimempigia simu Senga nikamwomba siku chache St Andrews, tulikokwenda fungate. Akauliza kama kuna gofu ndani yake. Nikasema kuna historia. Kanisa kuu lililobomoka, ngome, shimo la wafungwa. Akasema atakuja, ila vyumba viwili, na sharti moja: Jumamosi saa tano kamili asubuhi nipande naye mnara wa Mtakatifu Rule, pale pale penye kanisa lililobomoka. Wakati wa fungate nilimwahidi tutaupanda nikimaliza mashimo kumi na nane. Aliningoja chini mpaka mlango ukafungwa.

"Miaka thelathini na sita nazingoja hizo ngazi, Murdo," akasema. "Safari hii usipotokea, usinipigie tena."

Nikaapa. Nikakata simu. Nikaenda kuzitafuta fimbo zangu.

Jumanne, 13 Mei

Nijieleze kidogo, asije mtu akanifikiria vibaya. Kwenye uwanja wa kale wa St Andrews huendi tu ukacheza. Unaweka jina kwenye kura, siku mbili kabla. Nimeweka jina langu mara kumi na tisa maishani. Mara kumi na tisa nimekosa. Kwa hiyo nikiweka mara ya ishirini nakuwa nimemkosea nani? Kuweka jina si kucheza.

Shida ni kwamba yanatakiwa majina mawili. Imebidi nimwendee Gilmour Tulloch, jirani yetu. Mgane. Anavaa kofia nyekundu ya sufu mwaka mzima na ua wake anaukata kwa rula. Kila Januari humletea Senga jamu ya machungwa aliyoipika mwenyewe. Simpendi. Akicheza na mimi hunishinda, kisha ananipa pole, na ile pole ndiyo inayouma.

Nilimkuta akisafisha mifereji ya paa. Nikamweleza. Akasema, "Murdo bwana, mkeo anataka ngazi, wewe unamletea mashimo?" Nikamwambia kura haitatoka, haijawahi kutoka. Kumbe naye hajawahi kuupata uwanja ule, na ana miaka sabini na mbili. Nililiona jicho lake. Amekubali kuweka jina, na kuzibeba fimbo zangu kwenye gari lake chini ya blanketi. Amesema lakini kwamba Senga akimuuliza, yeye uongo hawezi.

Mtu wa ajabu. Sasa anafaa kwa nini?

Alhamisi, 15 Mei

St Andrews. Baridi, mawingu yamekaa juu ya paa. Tumefikia kwa Bi Pitkeathly, mama mfupi mwenye funguo nyingi, anayejua kila mtu anatoka saa ngapi na amevaa nini. Senga chumba cha mbele, mimi chumba cha nyuma karibu na tangi la maji. Gilmour amefikia mtaa wa pili. Senga hajui.

Nimeweka majina saa nne asubuhi. Baadaye nimemtembeza Senga ngomeni kwa moyo mweupe kabisa. Akanieleza habari za maaskofu na kuzingirwa kwa ngome. Anajua mambo mengi mke wangu! Nilikuwa nimesahau sauti yake akieleza kitu anachokipenda. Tukafika kwenye shimo la wafungwa, lile lenye mdomo mwembamba na tumbo pana kama chupa. Akasema wafungwa walitupwa humo wakasahauliwa. Kisha akaniangalia, akacheka. Alicheka! Mara ya kwanza tangu Aprili.

Hapo hapo simu ikatikisika mfukoni. Kura imetoka. Lumsden, yaani mimi, na Tulloch. Jumamosi.

Saa tano na dakika kumi.

Nilipiga ukelele. Senga akashtuka, akadhani nimegonga kichwa kwenye jiwe. Nikasema ndiyo, nimegonga. Akanivua kofia akanipapasa kichwa pole pole akitafuta nundu. Mkono wake ulikuwa na joto. Nilitamani nundu iwepo.

Ijumaa, 16 Mei

Sikulala vizuri. Tangi la maji linakoroma.

Mpango wa kwanza: kumwomba Senga tupande mnara saa tatu na nusu, "kabla watu hawajajaa." Amekataa. Ahadi ilikuwa saa tano, amesema, na saa tano ndiyo anayoitaka. Akasema amenunua viatu vipya vya ngazi hizo, akanionyesha. Vyeusi, vya kamba. Nikavisifu mno, hata akanitilia shaka.

Mpango wa pili: kuwaomba watu wa uwanjani wanisogezee saa. Yule wa dirishani alinitazama kama niliyemwomba ausogeze uwanja wenyewe.

Mpango wa tatu: kupanda ngazi saa tano kamili, kushuka dakika ya tatu, kukimbia mji mzima kwa dakika saba. Nimejaribu mchana huu kwa saa ya mkononi. Dakika kumi na tisa, na mama mmoja mwenye kigari cha mtoto aliniuliza kama aite gari la wagonjwa.

Mpango wa nne ni tumbo.

Gilmour amenikuta nimeketi ukutani nahema. Akasema tuache, turudishe nafasi, wengine wafurahi. Nikamuuliza, miaka sabini na mbili, ataipata lini tena? Akakunja kofia yake mikononi. Nimemshinda hoja.

Jumamosi, 17 Mei

Siku mbaya kuliko zote. Naandika upesi kabla sijaanza kujionea huruma.

Kwenye chai ya asubuhi nilishika tumbo. Nikalaumu samaki wa jana. Senga akaniangalia kwa muda mrefu. Tayari alikuwa amevaa koti lake la kijani na vile viatu. Akasema basi atatangulia, akae kwenye mawe ya kanisa, nikipata nafuu nimfuate. "Nitakungoja, Murdo," akasema. Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Alipopotea kwenye kona nikatokea mlango wa nyuma. Bi Pitkeathly alikuwa anaanika taulo. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Tumbo linauma lakini viatu vya misumari tumevaa," akasema. "Maradhi ya siku hizi!"

Nikamwambia dawa yangu ni hewa ya bahari. Akabana taulo kwa kibanio kama anayelibana sikio langu.

Nikafika uwanjani, Gilmour hakutokea! Fimbo zangu alizileta mapema, kaziegemeza ukutani, lakini mwenyewe hayupo. Tano na tano, hayupo. Tano na kumi, hayupo. Nikapangwa na Wadenmarki wawili, baba na binti. Nikasimama mbele ya watu wote, kwenye nyasi nilizoziota maisha yangu yote, nikapiga mpira wa kwanza. Ukaenda kulia. Kulia kulikuwa na mama na mbwa wake. Mbwa mzima, namshukuru Mungu.

Kwenye shimo la tatu nikageuka kuutazama mji. Mnara ulikuwa unaonekana wote, mwembamba, wa kijivu. Nina kile kifaa cha kupimia umbali, kinavuta kama darubini. Nikakiweka jichoni. Juu ya mnara walikuwepo watu wawili. Koti la kijani. Kofia nyekundu.

Nikabonyeza kitufe, sijui kwa nini. Mazoea tu. Kifaa kikaonyesha vistari: mbali mno.

Binti wa Denmark akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni upepo. Nilimaliza kwa mapigo mia moja na kumi na saba. Nilitumbukia katika mashimo ya mchanga kumi na moja, na katika moja nilikaa hadi Wadenmarki wakala sandwichi zao.

Jioni Gilmour akaja kujieleza, kofia mkononi. Alikuwa anapita penye kanisa akamwona Senga peke yake juu ya jiwe, anatazama njia. Senga akamuuliza niko wapi. Akamwambia. Akangoja naye mpaka saa tano na nusu, maana Senga alisema huenda nikabadili mawazo. Kisha wakapanda. Nikamuuliza, na nafasi yako uwanjani je? Akasema, "Ningemwachaje pale?"

Aliogopa kushindwa, ndiyo sababu. Lakini moyo wangu umekuwa mzito na hilo halinisaidii.

Jumapili, 18 Mei

Ukungu wa bahari umeingia mpaka ngazini. Senga alikuwa ameshafunga begi. Kumbe Gilmour ameniombea! Amemwambia Senga kwamba mtu aliyekosa kitu mara kumi na tisa si mwenye akili timamu mara ya ishirini. Senga akanipa saa moja. Tukutane kwenye daraja dogo la mawe, katikati ya uwanja. Amechagua Jumapili makusudi: Jumapili uwanja hufungwa, hakuna anayecheza, mji mzima unatembea juu ya nyasi na mbwa na watoto. "Hata wewe huwezi kucheza," alisema. "Utembee nami tu, unisikilize."

Nimetembea! Nimesikiliza! Ila nilikuwa na fimbo ya kusukumia mpira ndani ya mguu wa suruali. Sikukusudia jambo lolote. Mtu huchukua mwavuli, haimaanishi mvua itanyesha.

Fimbo ikafanya mguu wangu wa kushoto usikunjike. Senga akaona. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nyonga, tangu jana. Uso wake ukabadilika wote. Akanishika mkono. Tukaenda hivyo ndani ya ukungu, pole pole, yeye amenibeba nusu. Akasema labda na yeye amekuwa mkali. Akasema tunazeeka, Murdo, na kwa dada yake kitanda ni kigumu. Akasema kule juu mnarani alitazama uwanjani akaona vijitu vidogo, akajaribu kunitambua.

Kisha akasema atarudi nyumbani. Kesho. Mto atauleta.

Nataka niandike kwamba nilikuwa na furaha, maana nilikuwa nayo. Lakini tulikuwa tumefika kwenye nyasi za shimo la kumi na saba. Bendera wameondoa, lakini shimo lilikuwepo. Hakuna mlinzi. Hakuna foleni. Ukungu pande zote. Nafasi kama ile haitokei mara mbili! Nikamwambia Senga atazame bahari kidogo.

Bahari ilikuwa haionekani. Kwa hiyo alinitazama mimi. Aliniona nikifungua mkanda, nikivuta fimbo, nikiinama kwa magoti yote mawili, nikisukuma mpira uliokuwa mfukoni mwangu.

Hatua saba. Ukaingia katikati!

Nikaruka. Kwa mguu ule ule.

Senga akasema taratibu, kama anayesoma anuani ya mtu mwingine kwenye bahasha, "Kumbe mguu ni mzima."

Akageuka akaingia kwenye ukungu. Nilimwita. Mbwa wa mtu fulani alikuja badala yake, akauchukua mpira shimoni akaenda nao.

Jumatatu, 19 Mei

Kirkcaldy. Mvua. Senga alikuja saa nane kuchukua cherehani ya mama yake, kwa gari la Gilmour. Dada yake alikuwa na shughuli, nasikia. Cherehani ni nzito. Nikasema nitaibeba. Akasema sawa, mguu unao. Nikaibeba mpaka kwenye gari. Gilmour akasema, "Pole, Murdo." Yaani hata hapo!

Wameondoka. Nimesimama mlangoni mpaka taa nyekundu za gari zikapinda kona. Ndani nimekuta nimetenga vikombe viwili. Nikavinywa vyote viwili, chai ikiwa baridi, na sikuwa na kiu.

Nimekaa nikajiuliza kwa uaminifu kabisa, kama mwanamume, kosa liko wapi. Nimeliona! Kosa ni Jumapili. Mji unaofunga uwanja Jumapili unamlazimisha mtu wa heshima kuficha fimbo kwenye suruali. Lile ndilo lililotuharibia.

Nimepiga simu North Berwick, ng'ambo ya ghuba. Huko Jumapili hawafungi. Wana nafasi Juni, saa nne na nusu asubuhi. Na karibu na bandari kuna kanisa la kale lililobomoka.

Nimemwandikia Senga kadi. Nimetaja kanisa tu.