Pamba Anachimba

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku kubwa. Nimepata mbwa. Si hawa wa kwetu wanaolala katikati ya barabara mpaka pikipiki iwapigie honi. Haski! Mbwa wa nchi za theluji. Bado mtoto, manyoya kama godoro lililopasuka, jicho moja la kahawia, la pili la bluu. Bluu kabisa. Nimelichunguza, si ugonjwa.

Nimepewa bure na mteja wangu wa kinyozini, mzungu mmoja fundi wa mashine za kuchoronga miamba. Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao. Ananyoa kwangu tangu nifungue kibanda hapa Bugarama. Alinipa maelezo marefu kwa Kiingereza, nami nikawa naitikia kila alipopumua. Akaonyesha jua, akatikisa kichwa. Akaonyesha feni yangu, akatabasamu. Nimeelewa vizuri: huyu ni mbwa wa usiku. Mlinzi!

Nyumbani mke wangu Nyamizi alikuwa akimnyonyesha Wiliam, kichanga wetu. Tangu Wiliam azaliwe, dada yake Blessing amegoma kula. Mtoto wa miaka minne! Anakaza meno, anageuza uso ukutani. Amekonda mpaka nguo zinamvuka mabegani. Tumembembeleza, tumemtisha, tumempeleka zahanati, wakasema ni wivu tu, utapita. Haujapita. Leo amemwona mbwa, akakaa naye chini, tonge moja kwake, tonge moja kwa mbwa, sahani ikaisha. Nyamizi alilia pale pale. Mimi nilitoka nje kidogo, kulikuwa na vumbi.

Nilitaka aitwe Komandoo. Blessing amesema Pamba. Basi anaitwa Pamba.

Nyamizi ametoa sharti. Mbwa abaki, ila ni wa mtoto, si wa mradi, na hatoki nje ya uzio. Ananifahamu. Aliyaona yale ya kuku wa mayai na yale ya mashine ya bisi. Nimekubali kwa moyo mmoja. Sina mradi wowote.

Jumapili, 6 Oktoba

Nina mradi.

Tumerudi kanisani tukakuta Pamba amechimba mashimo. Moja chini ya simtanki la maji, jingine nyuma ya bafu, jingine ubavuni mwa jiko. Anachimba kwa mikono miwili, udongo unaruka hadi dirishani, kisha anajitupa ndani na kushusha pumzi kama mzee aliyetoka shamba.

Nyamizi akamtazama, akasema, "Ana joto. Anatafuta ubaridi."

Nikamwitikia tu. Hajawahi kuingia duarani, kwenye shimo la wachimbaji, atajua wapi? Mimi kabla ya kushika mashine ya kunyolea nilimaliza ujana wangu kwenye mashimo ya dhahabu, hapa na Geita. Namjua anayechimba kwa joto na anayechimba kwa sababu. Mbwa ana pua. Ana jicho la bluu. Ametua kwenye mji wenye dhahabu chini, na kazi yake ya kwanza ni kuchimba. Mtu anataka aambiwe nini tena?

Nimechota udongo wa nyuma ya bafu. Unang'aa! Kidogo. Ukiugeuzageuza.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimebeba udongo kwenye mfuko wa rambo hadi kwa Thobias mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ameusaga, ameuosha kwenye karai, ameniambia hamna kitu, ni mchanga na sabuni. Halafu akauliza nimeutoa wapi. Ahaa! Kama hamna kitu, ulikotoka kunamhusu nini? Nimerudi nina uhakika kuliko nilivyokwenda.

Anayenichanganya ni mbwa mwenyewe. Habweki. Mgeni akiingia getini anamlamba vidole. Jioni anainua pua juu na kutoa sauti ndefu ya ajabu, na jirani mmoja amewaingiza mbuzi wake jikoni akidhani ni fisi. Anaogopa kuku. Mlinzi gani huyu? Nimewaza sana. Nimeona kwamba mtaalamu wa madini hana haja ya kubweka.

Jumanne, 8 Oktoba

Sikufungua kinyozi. Nimeshinda nyuma ya bafu na sururu. Nyamizi akauliza kulikoni. Nikasema shimo la taka. Akafurahi! Kumbe ananiomba shimo la taka tangu tuhamie. Ameniletea uji wa ulezi, amemwita mama wa jirani aje aone mume anavyojituma. Nilijisikia vibaya. Kisha nikajisikia vizuri. Kisha sikujua najisikiaje, nikaendelea kuchimba.

Kila nikishuka, Pamba anaingia na kulala palepale penye ubichi. Nikimtoa, anarudi. Hiyo si ishara ni nini? Nimefika kifuani. Mwamba hakuna. Nimemuuliza dhahabu iko wapi. Akanitazama kwa jicho la bluu, kisha kwa la kahawia. Hayakukubaliana.

Kutwa nzima wateja wangu walikuwa kwa Magesa, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Magesa ana kioo kikubwa, mimi nina feni. Ndiyo vita yetu. Leo kioo kimeshinda.

Jumatano, 9 Oktoba

Nyamizi na watoto wamekwenda kliniki ya Wiliam. Nimemchukua Pamba kinyozini. Kinyozini ni kama nyumbani, kwa hiyo hakutoka. Amelala chini ya feni kutwa, na watu wamejaa kumtazama. Magesa hakuvumilia. Amebandika karatasi mlangoni: HAPA HAKUNA MBWA. Kwa mshangao wangu nusu ya watu walihamia kwake.

Lakini alibaki Marwa. Marwa ni kiongozi wa duara moja huko machimboni. Mwamba wao wenye dhahabu umepotea, wamechimba hadi wamechoka, vijana wameanza kumtoroka. Alilitazama lile jicho la bluu, nywele zikimwangukia usoni. Akauliza mbwa huyu ana kazi gani. Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Nikanyamaza mpaka nilipomaliza upande wa kushoto. Upande wa kulia nikamwambia yote.

Ameniahidi mgao: Pamba akionyesha mahali, nami napata viroba vyangu vya mawe kama wenye duara wengine. Tumeshikana mikono. Nimemwapisha asimwambie mtu. Jioni Magesa akanipungia kutoka ng'ambo na kuniuliza machimboni naenda saa ngapi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Asubuhi nimemwambia Nyamizi nampeleka Pamba chanjo ya kichaa cha mbwa. Akasema kwa mara ya kwanza nimefikiria jambo la maana. Blessing hakutaka kumwachia. Amemfunga shingoni utepe wake wa nywele, akasema arudi kabla ya chakula cha mchana. Nikaahidi.

Machimboni jua lilikuwa la kuchoma. Hakuna mti hata mmoja, yote ilishakatwa kushikilia kuta za maduara. Vijana wamesimama kimya, kofia mkononi. Marwa amekataza mtu kupiga mluzi, duara lina miiko yake. Pamba akatembea, ulimi nje. Akazunguka. Akakaa. Nikamwambia fanya kazi, baba. Tukamzungusha tena, na tena. Ghafla akachomoka mbio hadi chini ya turubai la Juliana, mama lishe wa pale, kando ya pipa la maji, akaanza kuchimba!

Watu wakashangilia. Sururu zikaja. Mara jiko la Juliana likawa halipo, na sufuria ya maharage ipo mikononi mwa kijana asiyejua aiweke wapi. Juliana alitusema mmoja mmoja kwa majina.

Katikati ya vurugu hiyo nikamwona Pamba amelala ubavu. Macho wazi, hayatazami kitu. Anahema mbio mbio, povu mdomoni. Nikamwita. Hakusikia. Sikuikumbuka dhahabu hata kidogo, nilimkumbuka Blessing na sahani yake. Ni Juliana aliyewasukuma watu, akachovya kanga yake kwenye pipa na kumfunika. Akaniambia, "Mrudishe kwako. Na wewe mwenyewe ukapimwe."

Nimemrudisha kwa bodaboda, nimemkumbatia kifuani. Nyamizi akatutazama. Akauliza ni chanjo gani hiyo. Nikasema ni kali. Akauliza kanga ni ya nani. Nikasema ya daktari wa mifugo. Akauliza tangu lini daktari wa mifugo ananukia maharage. Hapo nikaona ukweli una nafuu, nikaeleza yote, na bafu, na shimo la taka.

Hakupiga kelele. Ningependa apige.

Blessing hakula mchana. Hakula jioni.

Ijumaa, 11 Oktoba

Daktari wa mifugo wa kweli amekuja. Amesema ni jua, tumpoze, tumpe maji kidogo kidogo, tusubiri. Pamba hanyanyui kichwa. Blessing amekaa pembeni yake na bakuli la uji ulioganda. Nimepiga magoti, nimemwomba ale kijiko kimoja tu.

"Pamba asipokula, mimi sili."

Hakusema kwa hasira. Alinieleza tu. Ninaogopa. Sijui nitaandika nini kingine, ninaogopa.

Nyamizi haniongeleshi. Anaongea nami kupitia Wiliam: mwambie baba yako alete maji, mwambie baba yako apishe njia. Mtoto mwenyewe hana hata meno.

Nimekwenda kinyozini nikafungua skrubu za feni ukutani. Magesa akasimama mlangoni kwake akiniangalia, akauliza kama nafunga biashara. Nikasema naisafisha. Wateja wawili waliokuwa wakinisubiri wakanyanyuka na kuvuka barabara. Wavuke. Nimeibeba feni kichwani hadi nyumbani, nimeiweka mbele ya Pamba, nimebonyeza, akapepewa, masikio yakacheza. Umeme ukakatika.

Nilikaa chini. Nyamizi ndiye aliyemnyanyua Pamba, akampeleka nyuma ya bafu, akashuka naye kwenye lile shimo langu na kumlaza juu ya gunia alilolowesha. Huko chini ni baridi kabisa. Blessing akateremka naye. Wakalala hivyo, mtoto na mbwa, nasi tukawa tunamwagia gunia maji kila likikauka.

Jua lilipoanza kushuka Pamba alilamba maji mkononi mwa Blessing. Kisha akalamba mkono wenyewe. Kisha akanusa ule uji, akala. Blessing naye akala, kwa zamu, kijiko kimoja wote wawili, na Nyamizi hakuwakataza. "Kula, ng'wanone, mwanangu," alikuwa akisema tu, "kula, kula." Mimi nilikuwa ukingoni nikilia waziwazi. Blessing akainua uso akaniuliza kama na mimi nina wivu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wamekula wote asubuhi. Wamekula wote mchana. Blessing ameomba nyongeza! Pamba ametafuna kandambili yangu, ya kulia, nami nimempa na ya kushoto. Nimemrudishia Juliana kanga yake, imefuliwa, pamoja na sabuni na mchele. Amepokea bila kunitazama.

Nyamizi ananiongelesha. Amesema shimo halitakuwa la taka tena, nichimbe lingine. Nimesema sawa mama. Nimemwita Blessing, nimemwahidi mbele ya mama yake kwamba Pamba hatatoka nje ya uzio huu tena, iwe kwa chanjo, iwe kwa nini. Blessing amenishika mashavu kuona kama natania. Sitanii.

Marwa amepita kumjulia hali mgonjwa. Mtu mwema, amekuja na mfupa. Pale alipochimba Pamba, kando ya pipa la Juliana, hawakupata hata chembe, matope matupu. Hana kinyongo. Mawazo yake yako Tinde kwa wakwe zake, wamechimba kisima mara mbili na mara zote wamekuta vumbi. Nikamwambia pole. Akaondoka. Nikabaki nimesimama getini.

Matope.

Baada ya chakula Nyamizi akaniuliza, kwa upole, safari hii nimejifunza nini. Nikamjibu nimejifunza kumsikiliza mke wangu. Akanishika mkono. Na ni kweli tupu! Yeye ndiye aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba mbwa anatafuta ubaridi. Sasa ubaridi chini ya ardhi unatoka wapi kama si kwenye maji? Chini ya simtanki, nyuma ya bafu, kando ya pipa! Naishi na mwanamke mwenye akili namna hii, nami kazi yangu kumwitikia tu. Wala sikukosea sana. Nilikosea kitu kimoja: si dhahabu, ni maji.

Ahadi niliyompa Blessing siivunji. Pamba hatatoka. Nimemkimbilia Marwa nikamkuta stendi, tumekubaliana ataleta udongo wa Tinde hapa hapa, kila kona ya shamba na ndoo yake, tuumwage nyuma ya bafu, Pamba achague mwenyewe, kivulini. Si kesho, ni Jumapili ya wiki ijayo, Nyamizi na watoto wakiwa kanisani. Mimi tumbo litaanza kuniuma Jumamosi jioni, lisionekane la ghafla.