Mahindi Mabichi ya Keza

Katika watu wote walioingia soko la kambi ya Lukole asubuhi ile ya Julai, mwaka tisini na tano, Teddy peke yake ndiye aliyekuwa hatafuti kitu cha kununua. Alikuwa anatafuta mjinga.

Alikuwa kijana wa Biharamulo mjini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Alikwishauza dawa ya mende ambayo mende waliipenda sana, na viwanja viwili vilivyokuwa katikati ya bwawa. Lakini tangu wakimbizi wamiminike Ngara, utapeli wa rejareja ulianza kumchosha. Malori ya chakula yalipishana barabarani kutwa nzima. Wafanyabiashara walisaka mahindi vijijini kama watu waliopoteza ng'ombe. Pale Biharamulo ghala moja lilikuwa likinunua kwa madaraja: makavu na safi, daraja la kwanza, bei nono; mabichi kidogo au yenye kasoro, daraja la tatu, nusu ya bei; yaliyooza, rudi nayo kwenu. Na kila gunia lilipimwa unyevu kwa mashine.

Neno hilo "mashine" ndilo lililomnyima Teddy raha. Aliona jinsi watu wazima, wenye mvi na wajukuu, walivyonyamaza mbele ya mshale unaocheza ndani ya kioo.

Sasa akasimama mbele ya meza ya Niragira, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa fundi redio. Juu ya meza kulikuwa na kidude cheusi chenye kioo, mshale na nyaya mbili zenye ncha za chuma.

"Hiki kinafanya nini?"

"Kinapima betri," Niragira akasema.

"Na mahindi?"

Niragira akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Kaka, mahindi hayana betri."

"Nifungie hivyohivyo. Halafu nitengenezee kitufe hapa ubavuni, kidole gumba kikikibonyeza, mshale upande."

Niragira hakuuliza zaidi. Alishaona mengi njiani, na hili halikuwa baya kuliko yote.

Teddy akauza pikipiki yake ili apate mtaji. Akanunua koti jeupe la mtumba, akachongesha muhuri wenye maneno MTAALAMU WA NAFAKA, na siku tatu baadaye akashuka kijijini Keza akiwa na kidude chake ndani ya sanduku lililofunikwa kitambaa cha bluu, kama padri aliyebeba vyombo vya misa.

Watu wa Keza walikuwa na magunia arobaini kwenye stoo ya kikundi chao. Mwenyekiti alikuwa mzee Anatoli, katekista, mtu asiyeweza hata kumdanganya mbuzi kwamba shamba halina majani. Lakini aliyesikilizwa zaidi ni Domisiana, mjane wa makamo, mwembamba, msema kidogo. Magunia tisa kati ya yale arobaini yalikuwa yake. Binti yake Adventina alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, wa kwanza katika ukoo wote, na orodha ya shule ilitaka sanduku la bati, godoro, sare na ada. Yote hayo yalikuwa yamelala ndani ya magunia tisa.

"Shikamooni wazee," Teddy akasema, akainama vizuri kabisa.

"Marahaba, mwanangu."

Akaeleza kwamba wanunuzi hawataki tena kudanganyana. Zamani mtu aling'ata punje, akatema, akataja bei. Je, ni haki? Meno ya mtu na meno ya mwenzake ni sawa? Hapana. Sasa imekuja haki ya kitaalamu. Akafunua kitambaa. Watu wakasogea, kisha wakarudi nyuma kidogo.

Kila mmoja akaleta sampuli yake kwenye bakuli. Teddy akachomeka ncha, akafumba jicho moja, akabonyeza kidole gumba. Mshale ukalala kwenye rangi nyekundu.

"Ishirini na mbili! Mzee wangu, haya mahindi bado yanalia."

"Lakini yamekaa juani wiki tatu," mzee Anatoli akasema. "Na huu ni mwezi wa saba. Hata kisima kinakauka."

"Jua hukausha ganda, mzee. Moyo wa punje unabaki na maji. Jicho halioni, mashine inaona."

Domisiana akaleta bakuli lake. Kumi na tisa, daraja la tatu. Akashukuru, akaondoka. Baada ya muda akarudi na bakuli lililofunikwa kanga. Ishirini na tatu, daraja la tatu. "Ahaa," akasema, akakaa kwenye benchi. Teddy akamhesabu miongoni mwa wale waliokwisha kuiva.

Hadi saa nane mahindi yote ya Keza, makavu hadi yakimwagwa yanalia kama changarawe, yalikuwa yamehukumiwa kuwa mabichi. Teddy akasema kwa huzuni kubwa kwamba, kwa huruma tu, atayanunua yote kwa bei ya daraja la tatu, taslimu, keshokutwa atakapokuja na lori.

Wanaume wakaanza kunung'unika. Domisiana akasimama.

"Mwanangu, sisi hatubishani na mashine. Ila tuandikie. Watu wa shamba tunasahau."

Hakuna kitu Teddy alichokipenda kama kugonga muhuri. Akaandika, Domisiana akimsaidia maneno: kwamba mahindi yote yaliyoko stoo, magunia arobaini, ni mabichi, ni daraja la tatu, yamepimwa na mtaalamu, naye amekubali kuyanunua *kama yalivyo*. Muhuri, saini, tarehe. Nakala moja kwa mzee Anatoli, nyingine kwenye mfuko wa koti jeupe.

Keshokutwa akaja na lori la kukodi, dereva ni Ng'washi, Msukuma mnene aliyeongea pale tu ilipolazimu. Magunia yalikuwa tayari nje, yameshonwa midomo kwa kamba mpya. Watu wa Keza walipakia haraka, kwa ukarimu uliomgusa Teddy moyo. Mizani ikaonyesha kilo nyingi kuliko alivyotarajia. Hakujali; kwa bei ile, kila kilo ilikuwa zawadi. Akalipa yote, mzee Anatoli akapokea kwa mikono miwili na kusema Mungu ambariki.

Gunia la mwisho lilikuwa na tundu dogo ubavuni. Teddy, kwa furaha tu, akapenyeza vidole ashike punje zake.

Zilikuwa za baridi. Zilikuwa na unyevu, zimelegea, na zilinuka kama shuka la mtoto. Kisha kitu kikamtembea kwenye kiganja, na kingine, na wadudu dumuzi sita wakatoka kwenye tundu na kupanda mkono wa koti jeupe kwa mstari ulionyooka kama askari.

Akafungua mdomo.

"Kuna tatizo, mwanangu?" Domisiana akauliza kwa upole. "Ni mabichi?"

Watu wote wa Keza wakamtazama. Teddy akautafuta ulimi wake wote aliokuwa nao akakuta umebaki kipande. Akisema ni mabichi, hilo si alishaliandika? Akisema juzi yalikuwa makavu, basi juzi alikuwa anafanya nini?

"Hakuna tatizo," akasema. "Ni... ni kama yalivyo."

"Tumshukuru Mungu," mzee Anatoli akasema.

Njia nzima Teddy alijifariji kwamba ni gunia moja tu. Biharamulo, mpimaji wa ghala alikuwa dada mmoja aitwaye Kalista, mwenye miwani na mashine isiyo na kitufe cha ubavuni. Akapima gunia la kwanza, la tano, la kumi na mbili. Akachekecha punje chache kwenye chujio, unga mweupe ukamwagika na dumuzi wakakimbia kila upande.

"Kaka, hata daraja la tatu haya hayafiki. Teremsha nje ya geti."

"Mashine yenu mbovu!"

"Inawezekana. Wewe ulipopima ulipata ngapi?"

Ng'washi akateremsha magunia arobaini kando ya barabara, akapanda lorini.

"Sasa unaniacha?"

"Nimekodiwa tena."

"Na nani?"

"Watu wa Keza."

Kesho yake mchana lori likarudi. Juu yake kulikuwa na magunia arobaini mengine na watu kumi na wawili wakiimba nyimbo za kwaya. Kalista akapima, akamwaga, akachekecha. Makavu, safi, daraja la kwanza, gunia baada ya gunia.

Teddy akawafuata mpaka getini, koti limechafuka. "Mmeniibia!"

"Tumekuibia nini?" Domisiana akasema. "Ulisema mabichi, tukayanyunyizia maji. Ulisema daraja la tatu, tukalitafuta nyumba kwa nyumba, masalia ya mwaka juzi, tukayaweka stoo mahali pa yale makavu. Kazi haikuwa ndogo. Mengine tulimnyang'anya kuku."

"Ulijuaje?"

"Nilikuletea bakuli lilelile mara mbili, mwanangu. Kumi na tisa, halafu ishirini na tatu. Nikajiuliza, yamenyeshewa wapi kati ya mlango na benchi? Nikaenda nyumbani, nikatia punje na chumvi kwenye chupa kavu, nikatikisa. Chumvi haikuganda kwenye chupa hata chembe. Mahindi makavu hayagandishi chumvi. Mama yangu alinifundisha hivyo."

"Mimi nilisita," mzee Anatoli akaongeza kwa unyenyekevu. "Nikauliza kama si dhambi. Domisiana akasema, huyu kijana ameandika uongo na kuugonga muhuri, tukiyafanya mahindi kuwa mabichi tutakuwa tumemtoa katika uongo. Nikaona ni huduma."

Jua likawaka, magunia ya Teddy yakaanza kuchemka na kutoa harufu iliyowafanya wapita njia wavuke upande wa pili. Jioni ikikaribia akaja Ildefonsa, mpika pombe wa karibu na soko, akachomoa punje, akaing'ata, akaitema mbali.

"Nitachukua magunia manane, ya kukorogea. Lakini haya yameloa."

"Mama, nakuapia!" Teddy akapiga magoti vumbini. "Ni makavu kabisa haya!"

Ildefonsa akacheka mpaka akashika kiuno, akataja bei yake, na Teddy akaikubali kabla hajamaliza kuitaja. Kwa kuwa hakubakiwa na senti ya kuli, alibeba mwenyewe, gunia moja moja, kupita katikati ya soko. Katika safari ya tatu akamkuta Domisiana mbele ya duka la vyombo, anagonga masanduku ya bati kwa kidole kusikia lipi limetengenezwa vizuri. Alikuwa ameshachagua la kijani, na muuzaji alikuwa anaandika ADVENTINA kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe.

Domisiana akasogea kumpisha.

"Pole na kazi, mwanangu."

Gunia lilimkandamiza shingo, maji ya mahindi yakimchuruzika mgongoni.

"Ahsante, mama," Teddy akasema, akapita.